Jinsi ya Kukaa Vizuri Chini ya Bati la Mtu

Kwanza hakikisha kweli linavuja. Tone moja si ushahidi. Usiku wa baridi mvuke wa pumzi zenu na wa maharage hupanda, ukagusa bati, ukarudi kwenu maji. Ila ukiamka ukute beseni limejaa, jua kwamba hamkupumua kiasi hicho.

Elimu hii nimeipata ngazi kwa ngazi. Nilianzia Juru, kule kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, chini ya shitingi, turubai jeupe lenye herufi za UNHCR. Kiwanja tulipewa na OPM, yaani Ofisi ya Waziri Mkuu, udongo wa kuta tulikanda wenyewe. Shitingi ikichanika napanda kiti, nashona kwa uzi wa gunia, nabandika kiraka, nalala. Baadaye mambo yakanyooka, nikahamia Mbarara, nikapanga Kakoba: chumba kimoja, pazia katikati. Waganda hukiita muzigo, nasi wa Kiswahili tunaelewa bila mkalimani. Nikawapigia simu wa nyumbani kwamba sasa nalala chini ya mabati.

Panga vyombo mapema. Mvua za Machi hadi Mei zikikusamehe, za Septemba hadi Desemba hazitakusahau. Beseni likae penye tone kubwa, sufuria ya sombe kitandani, vikombe kwa vitone vya kuanzia. Tumbukiza kitambaa ndani ya kila chombo ili tone lisilie usiku kucha. Ila sufuria yenye mfuniko usiiguse. Hiyo ni ya karatasi ya familia: mfuko wa nailoni, kisha sufuria, kisha mfuniko, kisha jiwe. Watoto wakilowa watakauka. Karatasi ikilowa na wino ukatembea, utapanga foleni kueleza kwamba wewe ni wewe.

Sasa tafuta tundu. Hapa wapangaji wapya huaibika: huinua macho pale tone linapodondokea wakasema ni hapo. Maji hayana adabu hiyo. Huingia penye msumari kule juu, yakatambaa na mbao, yakashuka yalipochokea, juu ya mto wako. Mara nyingi fundi amepigilia msumari bondeni mwa bati, kwenye njia ya maji, badala ya kwenye tuta. Au bati limempandia mwenzake kwa aibu, nusu mkunjo tu. Au ni jembamba. Kwenye geji, namba ikipanda unene unashuka. Mama mwenye nyumba alinitajia geji 32 kwa fahari, kama mtu anayetaja idadi ya wajukuu.

Kumjulisha, subiri uwe umelipa kodi.

“Mama, nyumba inavuja.”

“Wapi?”

“Juu ya kitanda.”

“Sogeza kitanda, mwana wangu.”

Nikasogeza. Wiki iliyofuata nikapiga tena: sasa inavuja hapa niliposogea.

“Ssebo,” akasema, yaani bwana, na hapo nikajua mimi si mwana wake tena, “mvua inakufuata wewe?”

Nikanunua kopo la lami, nikaazima ngazi. Sikufika hata kwenye tundu. Mwangalizi wa nyumba alisimama chini, mikono kiunoni, akauliza nani kaniruhusu kugusa nyumba ya wenyewe. Nikashuka na kopo langu. Juru paa lilikuwa bovu na ni langu. Kakoba nalipa kila mwezi ili nisiliguse.

Sheria ipo, tusiseme haipo. Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya 2022 inataka nyumba iwe ya kukalika na binadamu, tena kodi isipandishwe zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Nilimtajia mama. Akauliza kama sheria hiyo inajua kwamba kuna watu watatu wanaulizia chumba changu. Kwa hiyo itaje ukishapata kwingine.

Ukungu nao utakuja wenyewe, usiuite. Utauona kwanza kwenye viatu vya Jumapili, kijani laini kama kifaranga, kisha nyuma ya sanduku. Hauhitaji chakula chako. Vumbi, karatasi na ngozi vinautosha, mradi pawe na unyevu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mzima mwaka 2009 kuhusu nyumba zenye unyevu, kikohozi na pumu. Dawa ya wenye nyumba ni rangi, na ukungu hujitokeza tena kabla rangi haijaisha harufu. Dawa ya kweli ni kufunga kitambaa puani, kuosha ukuta kwa sabuni, kuukausha, kusogeza sanduku mbali na ukuta na kulala dirisha wazi. Shida, dirisha langu limetazama kichochoro, na huko kuna vijana wanaovua suruali za watu kwa fimbo kama wavuvi. Chagua: mapafu au suruali.

Mwisho kaka yangu alipiga simu kutoka Juru akiuliza ile shitingi ya zamani aitupe? Nikamwambia aitume. Nimeifunga ndani, chini ya mabati, juu ya kitanda, herufi za UNHCR zikinitazama kichwa chini. Maji yakijaa tumboni mwake nayasukuma kwa ufagio hadi beseni. Mwangalizi hana neno: sijagusa paa. Mama mwenyewe alikuja, akatazama juu, akasifu kwamba chumba sasa kina silingi. Mwezi ujao kodi inapanda. Amenihakikishia ni asilimia 10 kamili, kama sheria inavyotaka.