Pengo la Kulwa

Chumba cha Manzese kilikuwa cha kumi na moja. Kwingine kote, Sinza mpaka Mwananyamala, wenye nyumba walitaka bachela, au mke na mume wasio na watoto. Watoto wanachora ukuta, wanamwaga maji, wanajaza choo. La choo sibishi.

Dalali, mwenye uchu na kodi yake ya mwezi mmoja, ndiye aliyepata dawa. "Kaka, hao si pacha? Sema unaye mmoja."

Nikalipa miezi sita taslimu, tukahamia usiku, Desemba, shule zimefungwa. Majina tuliyaacha kwa bibi yao, maana ukimwita mtoto Kulwa, mtaa mzima utauliza Doto yuko wapi. Wote wawili wakawa Juma. Juma wa asubuhi alicheza uani, Juma wa jioni akawa chini ya kitanda na redio juu. Saa nane wanabadilishana shati.

"Mwanao anakula huyu, Baba Juma!" mama mwenye nyumba akawa ananiambia. "Asubuhi nimempa chapati, jioni kaja tena, ananiapia hajaonja kitu."

Wiki ya tatu Kulwa aling'oka jino la mbele. Kesho yake Doto akaenda bombani na meno yake yote.

"Baba Juma, hebu njoo. Jana hapa si palikuwa na pengo?"

Mke wangu akawahi: kuna dawa ya Kisukuma. Chini ya kitanda mtu akaangua kicheko.

Tukafikishana kwa mjumbe. Mzee yule akanisomesha: sheria ya 1984 iliyokuwa ikidhibiti kodi za nyumba ilifutwa 2005, tunaangalia mkataba. Mkataba ulisema mtoto mmoja, kwa mwandiko wangu. Nilitamani kumuuliza mama kuhusu wanawe saba, aliowalea humo humo kwenye vyumba sita. Picha zao zimepangwa ukumbini. Lakini kodi yangu ya miezi mitano ilikuwa mkononi mwake. Nikanyamaza.

Akaturuhusu tumalizie, ila maji tulipie vichwa vinne, na chapati zikakoma.

Kodi inaisha mwisho wa Mei. Dalali ameshaona chumba Mbagala. Mwenyewe hataki zaidi ya mtoto mmoja. Jino la Doto limetoka juzi.