Kitanda Kilichopanda Meli

Nilitimiza miaka 34 nikiwa bado nalala chini. Si kwamba nilikosa kitanda. Fundi wa jirani alikuwa tayari kunitengenezea nilipe kidogo kidogo. Nilikuwa na godoro la futi mbili na nusu, na nilijua kabisa kwamba mwanaume akishanunua tano kwa sita, amejibu swali kabla hajaulizwa.

Mchumba wangu alisubiri miaka minne. Mshenga alienda mara mbili. Mara ya kwanza alirudi na jibu zuri, mimi nikapata safari ya ghafla. Mara ya pili mahari ikapokelewa, tukaanza kutangazwa kanisani. Jumapili ya kwanza nilivumilia. Ya pili homa ikanipanda palepale kwenye benchi. Nikapimwa malaria, sina. Padre akacheka, akanituma nikasome kitabu cha Tobiti chote, kisha nirudi.

Ukitaka kumtuliza bwana harusi mwoga, usimpe Tobiti. Sara kaozwa wanaume saba, na wote saba wamekufa usiku wa harusi. Tobia, wa nane, anaingia chumbani na moyo na ini la samaki, anavichoma kwenye makaa kumfukuza pepo, kisha yeye na mkewe wanasali. Huko nje baba mkwe anachimba kaburi usiku usiku, kwa tahadhari tu. Nilimwambia padre kwamba huyo mchimba kaburi ndiye pekee niliyemwelewa.

"Tobia naye aliogopa," akasema. "Ila aliingia."

Wiki ileile nikaagiza kitanda cha mninga.

Tulifunga ndoa Dodoma, Agosti 1998. Mwaka uliofuata mke wangu, ambaye ni muuguzi, akahamishiwa Karema, mwambao wa Ziwa Tanganyika. Nikasema twende na godoro tu. "Kitanda kinakwenda," akasema. Basi nikakifungua: kichwa, miguu, mbavu mbili, chaga kumi na moja, kila kipande na namba yake kwa chaki. Tukapanda treni ya Kigoma, na Kigoma tukapanda MV Liemba.

Meli yenyewe ilifika huko vipande vipande. Ilijengwa Ujerumani 1913, ikafunguliwa, ikaletwa kwa treni kuungwa upya Kigoma. Mwaka 1916 Wajerumani wakaizamisha kwa mikono yao, mashine wamezipaka grisi zisile kutu. 1924 Waingereza wakaiopoa, ikarudi kazini. Baharia aliyenisimulia haya alikuwa amekalia ubavu wa kitanda changu, na mke wangu alinitazama kwa namna ambayo sikuipenda.

Karema wakati huo haikuwa na gati. Meli ilisimama majini, maboti yakaisogelea, watu na mizigo wakateremshwa humo kwa kelele. Chaga tatu zilichukuliwa na mawimbi. Mbao zilizobaki zilitua juu ya magunia ya dagaa, nayo magunia yalikuwa yamelowa, zikafika ufukweni zimekolea. Chaki ilikuwa imefutika yote.

Usiku ule tulikiunga kwa kubahatisha, kwa mwanga wa koroboi, pengo la chaga tukaliziba na kasia bovu. Tukapiga magoti kusali rozari. Hatujafika nusu, paka akaingia dirishani. Akaja wa pili. Kufikia wa tano mke wangu alikuwa ameshika tumbo kwa kicheko, rozari iko sakafuni. Samaki wa Tobia alifukuza pepo. Wa kwetu alialika kijiji kizima cha paka. Nikacheka mpaka kasia likakatika.

Tangu hapo kitanda kimehamia Mpanda, Sumbawanga, na sasa Morogoro, na watoto watatu wamejifunzia kuruka juu yake. Kila tukihama mimi hutoa hoja kiuzwe. Kura huwa moja kwa moja, na mwenye kura ya turufu si mimi. Nimekipiga msasa, nimekipaka vanishi, nimekifukiza hata karafuu. Kwenye jubilei yetu ya fedha, 2023, padre kijana aliuliza tunataka somo gani. "Tobiti," akasema mke wangu, "na pale pa kaburi pasirukwe."

Masika yakiingia, mbao hunyonya unyevu na harufu huamka. Juzi, saa nane usiku, kitu kilikwaruza wavu wa dirisha.

"Mume wangu," akasema bila kufumbua macho, "mgeni wako."

Nikashusha miguu, nikaanza kupapasa kandambili gizani.