Mwongozo kwa Mzazi Ambaye Ameshanunua Tranka

Kama umeufikia mwongozo huu, tranka liko sebuleni. Basi tusidanganyane kwamba bado unatafakari. Katika nyumba nyingi ninazozijua, safari ya mtoto kwenda bodingi huanza hivi: linanunuliwa tranka, inalipwa ada ya muhula wa kwanza, halafu kinaitishwa kikao cha familia kujadili kama mtoto yuko tayari. Mtoto mwenyewe haitwi. Yuko chumbani anaangalia katuni, na hizo katuni ndizo ajenda namba moja.

Sababu nzuri zipo, sitaki kukuonea. Mtoto wa Chanika anayesoma Mikocheni huamshwa saa kumi alfajiri, akapandishwa kwenye basi la shule linalookota watoto mtaa kwa mtaa, vichwa vikigonga vioo kwa usingizi. Anarudi giza likiingia, na wewe bado uko kwenye foleni unahesabu taa za breki. Mtoto huyo ameshakwenda bweni zamani. Bweni lake lina magurudumu.

Suala la umri serikali imekupunguzia kazi. Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2023, uliotoka Machi mwaka huo, ulisitisha huduma ya bweni kuanzia darasa la awali hadi la nne, isipokuwa kwa kibali cha Kamishna wa Elimu. Kabla ya hapo walikuwepo watoto waliofundishwa na metroni kufunga kamba za viatu. Wazazi wao wakarudishiwa wageni wadogo mlangoni, wakabaki kuulizana huyu asubuhi hunywa chai au uji. Siku hizi lango hufunguliwa darasa la tano, mtoto akiwa na miaka 10 au 11, na wengi tumeusoma waraka kama kalenda ya mavuno: wa nne mbichi, wa tano kaiva. Embe la kuvundika nalo huwa la njano. Limenye uone.

Hapo ndipo atakapojitokeza baba mkubwa. Kila ukoo unaye mmoja aliyesoma mbali. Huyu alipanda treni kwa waranti ya serikali kutoka Mwanza hadi Tabora, tranka la bati kichwani, akala ugali wa yanga na hakufa. Atakukumbusha kwamba hata Mwalimu Nyerere alikwenda bweni, pale Mwisenge, Musoma, mwaka 1934. Ni kweli kabisa. Alikuwa na miaka 12, ila baba mkubwa hiyo 12 huipita mbio kama basi linalopita kituo chenye abiria mmoja. Ukimuuliza kama yeye alilia siku ya kwanza, atasema enzi zile muda wa kulia haukuwepo. Shangazi atakohoa.

Baada ya baba mkubwa huja mitihani ya kienyeji. Mtoto anaambiwa afue soksi, atandike kitanda, aoge bila kukumbushwa. Akiweza, anapigiwa makofi, na kikao kinaandika "yuko tayari". Mtoto anayejua kufua soksi anajua kufua soksi, basi. Mtihani wa pili ni kumpeleka kwa bibi yake Korogwe wiki mbili. Akirudi kanenepa, kafaulu. Kasoro ya mtihani huu ni ndogo tu, kwamba bwenini bibi hayupo. Hakuna atakayechinja jogoo kwa sababu mjukuu kasusia maharage.

Fomu ya maelekezo ya kujiunga isome kama unavyosoma mkataba wa kupanga nyumba. Godoro la futi mbili na nusu, chandarua, ndoo mbili zenye vifuniko, rimu ya karatasi, fagio la chelewa, jembe lenye mpini au kwanja. Utadhani mwanao anakwenda kufungua shamba, na kwa kiasi fulani ndivyo. Mimi zilinifikirisha kufuli. Ukurasa wa kwanza ulisema hapa sote ni familia moja. Ukurasa wa tatu ukaagiza kufuli mbili imara. Amini ukurasa wa tatu. Jina utaliandika kwa kalamu isiyofutika kwenye kila nguo, hadi za ndani, na utalala ukijiona umefanya jambo. Juni atarudi na kaptula ya Kelvin, shuka ya Brayani na soksi mbili za watu wawili tofauti, zote zimeandikwa majina vizuri sana.

Lipo jambo ambalo kikao hakitaligusa: kama mtoto bado anakojoa kitandani. Kwenye umri wa miaka 10 wapo, na ni wengi kuliko majirani watakavyokiri. Si uvivu wala ukaidi. Mwili haujajifunza kuamka kibofu kinapojaa, na kwa wengi kukojoa hukoma kwenyewe. Desturi yetu ni kumficha metroni. Tunakunja mpira wa godoro chini kabisa ya tranka, tunamnong'oneza mtoto asinywe maji baada ya magharibi, tunaondoka. Metroni atajua tu, saa kumi na moja alfajiri, yeye na watoto wengine 40. Angeambiwa mapema angemwamsha usiku, kama anavyowaamsha wale ambao wazazi wao walisema.

Sasa tuje kwa mtoto anayepitishwa na kikao kizima kwa kauli moja: mtulivu. Huyo hana neno. Ukimpa anakula, usipompa ananyamaza. Akiumwa, unagundua kwa kumgusa paji la uso. Tumemlea wenyewe tukajisifu: mkubwa akisema, mtoto hajibu; mwenzio akikuonea, usiwe mshitaki; ya chumbani yasitoke sebuleni. Miaka 10 tumemfundisha kufunga mdomo, kisha tunampeleka mahali ambako hata Panadol haipatikani mpaka aufungue, tena mbele ya mtu mzima asiyemjua. Nduguye mtundu, yule anayekuja kukushtakia kwamba dada wa kazi kampunja nyama, anabakizwa nyumbani mpaka apate akili. Huyo mtundu ungeweza kumpeleka kesho asubuhi.

Wangu ni mtulivu. Nilipoanza kuingiwa na wasiwasi nikaenda dukani kwa Mangi wetu, tukala njama: nitamtuma mtoto na noti ya shilingi 5,000 anunue sukari kilo moja, naye amrudishie chenji pungufu kwa shilingi 1,000. Mangi alikubali upesi mno, hadi nikaanza kuzitilia shaka chenji za miaka yote. Mtoto akarudi, akaweka sukari na chenji mezani. Nikamuuliza kama kahesabu. Kahesabu. Alijua elfu moja haipo tangu akiwa pale dirishani.

"Sasa mbona hukumwambia?"

"Yeye ni mkubwa."

Mzazi mwenye busara angesubiri mwaka mmoja. Mwongozo huu haukuandikwa na mzazi mwenye busara. Ada nilikuwa nimeshalipa.

Badala yake nikabuni mbinu. Simu ya bwenini, kwa usiyeijua, hupigwa Jumapili kwenye simu ya metroni, sauti ikiwa imefunguliwa, foleni ya watoto nyuma, dakika tatu kwa kila mmoja. Kwa simu ya aina hiyo mtoto aliyelelewa vizuri ana maneno matatu tu: shikamoo, sijambo, ndiyo. Kwa hiyo tukapanga neno la siri. Mambo yakiharibika, aulize hali ya paka. Nyumbani kwetu hatujawahi kufuga paka. Mama yake akipita karibu na paka anapiga chafya hadi jioni.

Jumapili ya kwanza sijambo, ya pili sijambo. Ya tatu akasema, "Shikamoo baba. Sijambo. Ndiyo." Kikapita kimya kidogo. "Paka hajambo?"

Nyuma nikamsikia metroni akisema kwa huruma, "Jamani, kamkumbuka paka wake."

Niliondoka Dar es Salaam saa tisa usiku. Ni zaidi ya kilomita 500 hadi upande wa Moshi, na kabla sijafika Korogwe nilikuwa nimeshamuuguza kila ugonjwa ninaoujua jina, na kumwadhibu kila mtu niliyemdhania. Nilimkuta mchana kwenye mstari wa chakula. Shati safi. Soksi zimefuliwa kwa kiwango cha kumfurahisha baba mkubwa. Miguuni kandambili.

Viatu viliibiwa mwishoni mwa wiki ya kwanza. Kufuli zote mbili zilikuwa salama, zimefunga tranka vizuri. Viatu huachwa nje ya mlango ili bweni lisichafuke, jambo ambalo ukurasa wa tatu haukulitaja. Karibu wiki mbili alikuwa amefagia, amefyeka na kuingia darasani kwa kandambili, na mwalimu wa zamu, kwa wema wake, alidhani mtoto ana kidonda.

Sikumuuliza kwa nini hakusema. Nilimshika mkono hadi mlangoni kwa metroni, nikamwambia mimi nabaki nje. Aliniangalia kama anavyoniangalia nikimwambia achomwe sindano. Akaingia. Nilisikia sauti yake ikianza, ikakatika, ikaanza upya, halafu sauti ya metroni ikipanda: "Tangu lini? Tangu *lini*?" Kisha yake tena, na safari hii ikaenda mfululizo, ndefu kuliko nilivyowahi kuisikia ikisema na mtu mzima, pamoja na mambo ya uji ambayo mimi sikuwa nimeambiwa.

Viatu vipya tulivinunua Moshi mjini kwa pesa ambazo ni sehemu ndogo tu ya mafuta ya safari. Jioni, kabla sijamrudisha, nikamuuliza kama anataka turudi wote nyumbani. Alifikiri. Kwanza akauliza leo ni siku gani.

"Jumatatu."

Akasema basi hapana, au walau isiwe sasa, kwa sababu Jumamosi kuna wali nyama.