Niletee Nanii

Mke wangu hajawahi kuniuliza "nanii" ni kitu gani. Asubuhi nikisema, "Hebu nipe nanii, iko pale juu ya nanii," analeta miwani. Jioni nikisema maneno yaleyale, analeta redio. Sasa mpwa wangu, aliyesomea kompyuta Dar es Salaam kwa ada iliyotoka kwenye maharage yangu, ameniletea kiumbe asiyejua nanii.

Alipiga simu. "Shikamoo mjomba. Nimekutengenezea wakala."

Nikamwambia marahaba, lakini wakala tunaye hapa Kibimba, yuko kwenye kibanda pale senta, anatoa pesa na kuuza vocha. Akacheka kwa adabu. Huyu, akasema, ni wakala wa akili mnemba. Unamweleza shida yako kama unavyomweleza mtu, naye anachagua zana ya kuitatua. Zana ni vijiprogramu: mbili za bei, moja ya hali ya hewa, moja ya kuita gari. "Kuziunda nimeziunda, mjomba, ila biashara unaijua wewe. Niandikie maelezo ya kila zana."

Mimi ni mtu wa enzi za telegramu, tulipolipia kila neno posta. Ukiandika "MAMA MGONJWA NJOO," mtu alikuja. Basi nikaandika kwa ubahili uleule. Zana ya kwanza: "Ya bei." Ya pili: "Ya bei ile nyingine." Ya tatu: "Ya gari." Iliyobaki nayo vivyo hivyo. Nikaona nimemaliza kazi, nikaenda kunywa chai.

Wiki hiyohiyo mteja wangu wa Kabanga, kule mpakani na Burundi, akauliza kilo ya maharage ni shilingi ngapi. Wakala akatazama zana mbili za bei, akachagua moja, akamjibu kwa heshima zote. Alimpa bei ninayowalipa wakulima. Mteja alinipigia akicheka mpaka anakohoa, na tangu siku hiyo tukianza kupatana bei ananitajia ile namba kwanza.

Nikamgombeza mpwa wangu. Akanieleza jambo ambalo angenieleza mapema: wakala haoni ndani ya zana. Anaona jina lake, maelezo yake na nafasi za kujaza, basi. Hapo nilielewa, kwa sababu nyumbani kwangu mafuta ya taa yanakaa kwenye chupa ya soda. Sisi tunajua. Mgeni mwenye kiu hajui, na kosa si la mgeni.

Bado sikukoma. Nilimuuliza wakala kama mvua itanyesha Kibimba. Akasema jua kali, nikaanika maharage, yakalowa yote. Kumbe alinipa hali ya hewa ya Kibimba ya Uganda, kule Bugiri kwenye mashamba ya mpunga. Burundi nako kuna Kibimba. Kwenye nafasi ya mahali nilikuwa nimeandika "kijiji." Kijiji gani, cha nchi gani, wakala angejuaje? Mke wangu angejua.

Lakini la gari ndilo lililonivunjia heshima. Nilimwambia wakala lori lije Jumamosi saa mbili. Kwenye nafasi ya muda maelezo yangu yalisema "saa ya gari." Akajaza 02:00. Wazungu wanaanza kuhesabu saa zao usiku wa manane, sisi tunaanza na jua. Mashine ililelewa na wao. Dereva, mtu mwaminifu kabisa, alikata kona kutoka barabara kuu ya Rusumo akafika mlangoni kwangu saa nane usiku, akapiga honi mara tatu. Mbwa wa kijiji kizima walijibu. Jirani yangu alitoka na panga. Mimi nilitoka na shuka.

Na gunia! Ukisema gunia hapa, kila mtu analo lake kichwani. Sheria inataka la mazao lisizidi kilo 100, lakini lumbesa nayo inaitwa gunia, yenye kichwa kilichoshonewa juu kama kilemba. Wakala aliniuliza lina kilo ngapi. Hilo swali sikulipenda.

Basi mpwa wangu akanikalisha kwenye simu jioni nzima. "Mjomba, andika kama unamwelekeza mgeni aliyeshuka Nyakahura usiku, hana mwenyeji, na simu yake imezima." Tukaandika: "Hutoa bei tunayowalipa wakulima wa Kibimba, wilaya ya Ngara, Tanzania, kwa kilo moja ya maharage makavu, kwa shilingi za Tanzania. Itumike mwenye biashara anapouliza. Isitumike kumjibu mteja. Kwa mteja tumia zana ya bei ya kuuzia." Halafu akaongeza kwamba maelezo si kufuli, akaiondoa kabisa zana hiyo upande wa wateja. Angeiondoa siku ya kwanza ningekuwa tajiri.

Nilidhani ubahili wangu angalau unaokoa fedha, maana maelezo hayo husomwa upya kila kazi na kila neno linalipiwa. Akasema ni kweli, lakini piga hesabu ya lori kuja bure usiku. Sikupiga.

Mke wangu aliyasikia yote hayo. Akaniomba nimwandikie na yeye maelezo ya nanii, moja moja, na ipi ni ya asubuhi. Nimemwambia nitafanya hivyo nikipata nafasi.

Kwa majirani zangu wa Kibimba: lori linakuja tena Jumamosi saa mbili asubuhi, yaani 08:00. Mwenye mbwa amfunge tangu Ijumaa.