Chanika ya Wapi?

Nilisomea upangaji wa shughuli miezi mitatu Dar es Salaam, nikarudi Korogwe na cheti. Mama akakitundika sebuleni, pembeni ya kalenda ya duka la mbegu. Wiki haijaisha, shangazi akapiga simu kutoka Handeni: "Mwanangu, ada yako tuliichangia. Sasa na sisi tuna harusi." Nikajua deni limeiva.

Kikao cha kwanza cha kamati niligawa ratiba ya kurasa sita. Mjomba, ambaye ndiye mwenyekiti, aliipokea kwa heshima zote, akaikunja mara nne, akaisokomeza chini ya mguu wa meza iliyokuwa ikiyumba. Meza ikatulia, kikao kikaendelea.

Viti 150 vya rangi ya dhahabu nilivikodi Dar es Salaam. Dereva wa lori nikamwandikia: "Lete Chanika, sokoni, kabla ya saa 4 asubuhi." Mtu wa Handeni hahitaji maelezo zaidi, Chanika ni hapo hapo mjini. Kumbe na mtu wa Dar es Salaam hahitaji maelezo zaidi. Chanika yake iko Ilala.

Saa 3 na nusu simu ikaita. "Bosi, nimeshafika!"

Nikatoka mbio. "Uko wapi?"

"Hapa sokoni."

"Mbona na mimi niko sokoni?"

Tulitafutana dakika kumi nzima, kila mmoja akimwambia mwenzake apunge mkono. Mimi nilipunga mpaka muuza nyanya akanipungia.

Kutoka Chanika ile kuja hii, unakwenda Chalinze, unashika barabara ya kaskazini hadi Mkata, unakata kushoto, na bado una zaidi ya kilomita 50. Dereva wangu aliipita njia panda ya Mkata, akashtukia yuko Segera.

Nikamkimbilia mama mpishi kumlilia. Hakuinua hata kichwa. "Na maji uliyapanga wapi?" Sikuwa nimeyapanga. Mimi wa Korogwe, mto Pangani nimeuzoea kama uani kwetu. Handeni imeishi miaka mingi ikisubiri maji yasukumwe kutoka huko huko kwetu kwa mabomba. "Mwanangu," akasema, "huku mgeni rasmi ni maji." Madumu alikuwa ameyajaza tangu juzi.

Kisha akawatuma watoto. Mikeka ikatoka madrasa, mabenchi kwa majirani, kanga za mashangazi zikapamba jukwaa. Wageni nao wakaja kama ilivyo desturi: kadi ya mtu mmoja ikaingia na mke, watoto wanne na shemeji kutoka Kilindi. Niliacha kuhesabu nilipofika 260. Viti vyangu vingefika, zaidi ya mia wangesimama. Mkekani watu husogeleana tu.

Lori liliingia baada ya isha, sufuria zikioshwa. Dereva akapewa ukoko wa pilau, akala amekaa kwenye kiti cha dhahabu, peke yake, kama bwana harusi aliyekimbiwa.

Cheti bado kiko ukutani. Ila ratiba zangu sasa ni ukurasa mmoja, na juu kabisa kuna maswali mawili: maji yanatoka wapi, na Chanika ya wapi? Kodi ya vile viti nimemaliza kuilipa mwezi uliopita.