Wanyama Watano wa Maabara ya Utumbo Mpana, Tukianzia Mkiani

Saratani ya utumbo mpana hujijenga kwa miaka, na hakuna binadamu atakayekubali kufunguliwa tumbo kila mwezi ili watu waone imefika wapi. Kazi hiyo wamepewa wanyama. Mimi wa Kingolwira, Morogoro, nimewapanga; bisheni, ila fikeni namba moja kwanza.

5. Panya buku wa SUA
Najua, Morogoro nzima inamtaka kileleni. Shirika la APOPO, lililo pale chuoni SUA, limewafundisha panya hao kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu kwenye makohozi, na mmoja wao, Magawa, akavishwa medali ya dhahabu mwaka 2020. Hongera zao. Kwenye utumbo mpana hawana hata cheti.
Hukumu: kaingia kwa kujuana.

4. Samaki pundamilia
Akiwa mchanga mwili wake unapitisha mwanga. Mpandikize seli za saratani ya mtu, na baada ya siku chache unaziona kwa hadubini zikisambaa. Perege wa kituo chetu cha samaki hapa Kingolwira hawezi hayo.
Hukumu: hana siri, wala hatoshi kitoweo.

3. Fuko asiye na manyoya
Mwenyeji wa Kenya, Ethiopia na Somalia. Anapita miaka 30, na saratani humpata kwa nadra mno. Wenzake wanachunguzwa kwa kuugua, yeye kwa kugoma kuugua.
Hukumu: mtoro anayelipwa mshahara.

2. Nguruwe
Wa kitimoto, tulieni. Mwaka 2012 watafiti wa Munich walitangaza nguruwe wenye hitilafu ya jeni ya APC, ileile inayorithiwa katika baadhi ya familia za watu na kuwaletea saratani hii. Vinyama, yaani vivimbe vinavyotangulia saratani, vikawaota palepale panapotakiwa, utumbo mpana, na kamera ya hospitali inaingia bila shida. Halafu mwaka 2015 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, likatangaza kwamba nyama za kusindika, soseji na bekoni zikiwemo, husababisha saratani hiyohiyo.
Hukumu: shahidi na mshtakiwa, kesi moja.

1. Panya Min
Alipatikana Wisconsin, Marekani, akatangazwa mwaka 1990, baada ya mzazi kupigwa kemikali ya kuvuruga jeni. Jeni yenyewe ni APC ileile. Tafiti zisizohesabika zimepita mgongoni mwake, na kichekesho ni hiki: vinyama vyake huota zaidi kwenye utumbo mwembamba! Bingwa wa utumbo mpana anaugulia nyumba ya jirani. Tena hufa mapema kwa upungufu wa damu, kabla ugonjwa haujasambaa kama kwa watu.
Hukumu: kakosea mlango, kombe kachukua. Kisa ni gharama: mimba yake ni wiki tatu, na hula kidogo. Mnaomtaka nguruwe juu, changeni kwanza pesa za pumba.