Kwa Heshima ya Mheshimiwa Ukata, Mhamishaji Mkuu wa Kamembe

Katika sherehe za kuingia nyumba mpya, shukrani zina mpangilio wake. Anatangulia Mungu, wanafuata wazazi, kisha bosi aliyetoa mshahara kabla ya mwisho wa mwezi, kisha dereva wa Daihatsu aliyekubali kulipwa nusu. Chupa za Primus na fanta zinafunguliwa, wazee wanabariki, shughuli inakwisha. Aliyefanya kazi kubwa kuliko wote hatajwi hata kwa kuteleza ulimi. Namsema Mheshimiwa Ukata, yule anayekaa mfukoni pale ambapo pesa ingekaa. Hapa Kamembe, mji wa Rwanda uliopanda kilimani juu ya Ziwa Kivu ukitazamana na Bukavu ya Kongo, amehamisha familia nyingi kuliko magari yote ya mizigo, na hajatoza faranga hata moja. Nimeona nimwandikie sifa zake mapema, kabla hajaja kuzidai mwenyewe.

Tuanze na nasaba, maana mheshimiwa hasifiwi bila ukoo. Jamaa zake tunawala kila siku. Sambaza, wale samaki wadogo wanaouzwa kwa mafungu sokoni, hawakuwa wenyeji wa Kivu. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, bila mkataba, bila godoro, wakamwagwa katika ziwa lenye aina chache za samaki na maji ya katikati yasiyo na mpangaji. Hawakulalamika kwamba nyumba ni baridi wala kwamba hakuna makabati. Walizaana. Leo wavuvi wa kisiwa cha Nkombo na wa pwani yote ya wilaya ya Rusizi wanakesha ziwani na taa zao kwa ajili ya uzao wa wahamiaji hao walioingia mikono mitupu. Mtu anayehamia chumba kimoja na sufuria mbili ana mizigo mingi kupita waasisi wa biashara nzima ya samaki.

Kazi ya kwanza ya Ukata ni kuchagua nyumba, na hapo ndipo hekima yake inapoonekana. Mwenye pesa huteseka. Anazungushwa na komisioneri, dalali wa nyumba, kutwa nzima, anaona nyumba sita, usiku halali akipima sebule ya hii na choo cha ile. Ukata humwepusha mtu na mateso hayo. Ukimtajia komisioneri kiasi ulicho nacho, anakuonyesha mlango mmoja tu. Siku nyingine anakuonyesha barabara.

Mazungumzo ya kodi nayo huyaongoza yeye. Mwenye nyumba anataka miezi mitatu mbele, Ukata hana haraka, anavua kofia, anakohoa kidogo, anasema, “Papa, nipokee kwanza na huu mmoja, mingine nitaleta tarehe tano.” Hakusema ya mwezi gani, kwa hiyo hajadanganya. Ng’ambo, Bukavu, garanti, yaani amana ya mpangaji, huhesabiwa kwa dola na kwa miezi mingi, na wapo wanaofanya kazi upande ule wakalala upande huu kwa ushauri wake. Kila jioni wanavuka daraja la Rusizi na karatasi zao mkononi. Kabla wakubwa hawajaanza hotuba za ujirani mwema, Ukata alikuwa amekwisha kuunganisha nchi mbili kwa bei ya chumba.

Kuhusu mandhari, hana mpinzani. Lami ya Kamembe hufuata mgongo wa kilima, na nyumba za bei hufuata lami. Ukata yeye anateremka. Anakupeleka kwenye njia ya miguu ambayo gari haifiki, penye kuta za rukarakara, matofali ya udongo, na mabati yaliyoshikwa kwa mawe, na ukigeuka mlangoni unaliona ziwa lote, visiwa vyake, na vilima vya Kongo upande wa pili. Mtalii akitaka kuona hayo hulipa hoteli kwa usiku. Wewe unayaona kila unapopanda na dumu la maji kichwani, na unayaona polepole, kwa sababu pumzi imekwisha. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Ukifungua, utakuta kila kitu kimekwisha kupangwa, maana hakuna kitu.

Katika ufungaji wa mizigo Ukata ni mwanamazingira wa siku nyingi. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, na mwaka 2019 ikaongeza vyombo vya plastiki vya kutumika mara moja, wakati nchi nyingi tajiri zilikuwa bado kwenye makongamano. Ukata hakuhitaji sheria. Mfuko hakuwahi kuununua. Kwake sufuria kubwa inameza ndogo, ndogo inameza sahani, sahani zinalala ndani ya karatasi ya mfuko wa saruji ya CIMERWA, kiwanda kilicho katika wilaya hii hii tangu mwaka 1984. Gunia lililoleta mchele wa Bugarama sasa linabeba nguo za watoto. Kitenge kikifungwa pembe nne ni sanduku. Jioni kinakuwa pazia, usiku shuka, na Jumapili kinakwenda kanisani.

Tena ni hakimu. Mjapani Marie Kondo alipata jina duniani kwa kuwashauri watu wabaki na vile tu vinavyowapa furaha. Ukata anatoa ushauri huo bila kuuza kitabu, na kwa ukali zaidi: vile vilivyokupa furaha uliviuza mwezi uliopita. Kwa vilivyobaki anauliza swali moja, “Nani atakibeba?” Redio iliyokufa inajibu kwa kunyamaza. Kiti cha miguu mitatu kinajaribu kujitetea, kinaanguka. Kabati la marehemu babu, ambalo ndugu watatu waligombania, linaachiwa mpangaji anayeingia, na ugomvi wa ukoo unakwisha bila wazee kuitwa.

Kisha unafika msafara. Wenye uwezo huhama ndani ya Fuso lililofunikwa turubai, mtu asijue wana nini. Watu wa Ukata huhama hadharani. Mbele anatangulia karani, mchukuzi wa kulipwa, mwenye godoro kichwani, akipiga mluzi. Nyuma yake baiskeli yenye meza iliyopinduliwa, miguu juu. Mama anafuata na jiko la makaa, mtoto wa kwanza amekumbatia jerikani, mtoto wa mwisho amepewa kifuniko cha sufuria na anakilinda kwa uchungu wa mwenye mali. Mtaa mzima unasimama kukagua. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, kwa hiyo walioketi nje ya duka wanatoa maelekezo bure: shika kushoto, inamisha, huyo karani mmemwonea. Kabla hamjafika, mtaa mpya umekwisha kupata orodha kamili ya vitu vyenu, na majina ya msivyo navyo pia.

Mheshimiwa hupenda kuhama Aprili, katikati ya mvua za masika, msitu wa Nyungwe ukiwa nyuma yetu na mawingu hayana pengine pa kumwagia. Ubaya uko wapi? Sponji ya godoro inakunywa maji njia nzima, na mlichobeba kikiwa chepesi kinafika kizito. Familia imepata uzito fulani katika mtaa. Jioni ikiingia mnakutana na vijana wa irondo, walinzi wa usiku wa mtaa. Masikini haokoti, akiokota huambiwa kaiba. Basi wanaomba fakitire, yaani risiti, ya sufuria. Sufuria inajitetea yenyewe. Inageuzwa, na chini yake kuna masizi mazito ambayo hakuna duka linaloyauza. Mnaruhusiwa kupita, na vijana wawili wanawashikia meza hadi mlangoni.

Ndani ya nyumba, Ukata ni fundi wa mapambo. Jerikani ikijazwa maji ni kisima, ikimwagwa ni kiti, ikilazwa ni meza ya mgeni. Chumba kitupu kina mwangwi. Mtoto akiita “mama” anaitikiwa na kuta zote, na mwizi anayepita anadhani humo mna watoto wengi na wajomba wao. Hata umeme humtii. Bei ya umeme wa nyumbani imekuwa ya ngazi kwa miaka mingi, yuniti za kwanza za mwezi zikiwa za nafuu. Mwenye friji huruka ngazi hiyo kabla mwezi haujaisha. Mwenye balbu moja na simu moja, hata akikesha kwa makusudi, hafiki huko. Bondeni, mashine za kituo cha umeme cha Rusizi ya kwanza zimezunguka tangu mwisho wa miaka ya 1950, na za Rusizi ya pili, mradi wa Rwanda, Burundi na Kongo, tangu 1989. Hakuna hata moja inayoweza kusema kwamba Ukata aliwahi kuichosha.

Lakini sifa yake kubwa ni ubalozi. Siku ya kwanza huna nyundo, kwa hiyo unamjua jirani wa kulia. Msumari unatoka kwa jirani wa kushoto. Chumvi inatoka nyumba ya juu, kaa la moto nyumba ya chini. “Mama, nisaidie moto kidogo.” “Karibu jirani. Mmetoka wapi? Watoto wangapi?” Hadi chakula kinaiva, mmekwisha kuulizana hata kabila la mbuzi. Mkuu wa mudugudu, yaani kijiji, anawaandika kwenye daftari lake, na Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, kazi ya pamoja, mnatokea na jembe la kuazima, mnafukia mashimo ya njia ile ile iliyowavunja magoti mkihama. Lugha nazo zinagawana kazi: Kinyarwanda kwa mkuu wa mudugudu, Kifaransa kwa mwenye nyumba anapohesabu deni, Kiswahili kwa jirani aliyekulia Bukavu. Kiswahili kilikuwa lugha ya kuazimia chumvi Kamembe muda mrefu kabla hakijafanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017.

Wapinzani wa Mheshimiwa hawakosekani. Watanitupia methali: mkono mtupu haulambwi. Nawajibu kwamba mkono uliojaa haupokei nyundo. Mtazameni aliyehamia nyumba ya geti juu pale. Aliingia usiku, makochi yake yakiwa bado ndani ya maboksi. Nyundo anazo mbili, moto anawasha kwa kitufe, chumvi amenunua ya mwaka. Mtaa unamjua mbwa wake tu, tena kwa sauti. Siku akifiwa atahitaji tangazo la redio.

Upo uhamaji mmoja ambao simpi Ukata sifa yake, hata akiniomba. Daraja la Rusizi limewaona Wanyarwanda wakimiminika kwenda Bukavu mwaka 1994, na watu wa Bukavu wakivuka kuja huku Juni 2004, na tena Februari 2025. Nao walikuwa na godoro kichwani na mtoto mkononi. Hao walihamishwa na bunduki, na bunduki haina utani. Ukata aliwangoja upande wa pili tu, akajitambulisha.

Na kwa kuwa nimeanza kukagua, niendelee na hesabu nyingine. Nimeorodhesha matendo makuu ya Mheshimiwa, na kila moja lina mwenyewe. Mzigo ulibebwa na shingo ya karani, ambaye naye hajalipa kodi ya mwezi huu. Sanduku, pazia na shuka ni kitenge cha mama. Nyundo ni ya jirani wa kulia, moto wa nyumba ya chini, meza ilifikishwa na vijana wa irondo. Hata ile tarehe tano isiyo na mwezi ilikubaliwa na mwenye nyumba aliyekumbuka alivyofika mjini yeye. Mchango wa Ukata ni kuwepo. Alisimama katikati ya watu wanaofanya kazi, akapigwa picha. Sina sababu ya kumlaumu. Waheshimiwa wengi wamejenga majina yao kwa njia hiyo, na barabara zimepewa majina yao.

Kwa hiyo nishani apewe, ila kwa sharti moja. Huyu bingwa wa kuhamisha watu ana dosari: yeye mwenyewe hahami. Unahama Gihundwe, yuko mlangoni Mururu. Unahama Mururu, amekwisha kutandika Giheke. Napendekeza mtaa umpangie siku. Komisioneri amtafutie mlango, mbali, ng’ambo ya Nyungwe ikiwezekana. Karani amfungie virago vyake, kazi ya dakika moja. Vijana wa irondo wasimwombe fakitire yoyote. Nauli tutachanga, na nina hakika huo ndio mchango pekee ambao kila nyumba ya Kamembe itaulipa kabla ya tarehe tano, ya mwezi huu huu.